Msalaba wa Kapteni Genoveva

Ndugu waombolezaji, Genoveva Tlapanco alizaliwa tarehe 3 Januari 1893 katika kijiji hiki cha Amatitla, jimbo la Morelos, mtoto wa nne wa wakata miwa, na shule hakuiona, kwa kuwa shule ya shamba kubwa ilikuwa ya watoto wa wanyapara, akaja kujifunza kusoma vitani, kwa kidole, juu ya majivu ya kambi.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa miwa, ya pili bunduki. Machi 1912 walinzi wa shamba waliichoma nyumba yao, baba yake akiwa ndani, naye akakata nywele, akavaa suruali ya kaka yake, akapanda mlimani kwa waasi wa Kusini, na wanaume walipomcheka, "Dada, jiko liko kule!", aliwajibu, "Basi kapikeni, mimi nina kazi." Agosti 1914, baada ya kulishika daraja la Las Ánimas siku mbili akiwa na watu kumi na saba, alipewa ukapteni mbele ya kikosi kizima.

Tarehe 19 Machi 1916 alifunga ndoa na Crisóforo Arizmendi, koplo wake, ambaye hadi uzeeni aliitika "Ndiyo, Kapteni" hata alipotumwa kuni, wakajaliwa Melquíades, Otilia, na Fidencia, ambaye homa ilimchukua mlimani akiwa na miezi mitano.

Vita vikaisha, na hapo ndipo alipoibiwa. Mwaka 1939 walikwenda wote wawili kuandikishwa kuwa askari wa zamani wa vita hivyo, afisa akazitazama karatasi za mke, akampa mume ukapteni. "Bwana, umekosea," Crisóforo alisema, "huyu ndiye aliyekuwa akiniamuru!" Ofisi nzima ikacheka: "Nyumbani au vitani, mzee?" Genoveva akaandikwa mpishi, yeye ambaye maharage yake hata mbwa aliyanusa akaondoka. Crisóforo alipozikwa mwaka 1947 kwa heshima isiyo yake, aliyoikataa mpaka pumzi ya mwisho, mkewe aliomba jambo moja tu, msalaba wake yeye useme kweli.

Mapafu yalimlaza tangu Februari, akafariki Jumanne, tarehe 10 Septemba 1957, saa nne asubuhi.

Na leo wakubwa wa mji wametuletea msalaba uliokwisha kupakwa rangi, "Mjane wa Kapteni Arizmendi". Kwetu msalaba husimamishwa siku ya tisa, baada ya rozari ya mwisho, sasa hawa wanaouleta kabla udongo haujamfunika wana haraka gani, kama si haraka ya mwizi? Tumeutoa nje ya lango, wauchukue. Otilia anachonga mwingine, una jina la mama yake na cheo chake, na atakayekuja kuung'oa atatukuta tumekaa hapo.

Tunamshukuru Daktari Urióstegui, majirani waliokesha wakipika tamale za unga wa mahindi, na wazee wanne waliobaki wa kikosi, waliovua kofia mlangoni wakamwita kwa cheo chake.

Pumzika sasa, Kapteni, hasira tuachie sisi.