Sauti ya Mboje kwa Volti Sita

Ukungu ulikuwa haujaiachia stendi ya Sumbawanga, na kijiwe cha kahawa tayari kilikuwa kimejaa: watu wawili na Kasimiri, fundi redio. Tangu biashara iachiwe huru, vipuri vilikuwa vinaingia kutoka Tunduma kwa magunia, na ndani ya gunia moja Kasimiri aliokota chipu ya kupangiwa kazi kwa kompyuta. Akaitumia kuunda kifaa cha kushushia umeme. Chipu ilikata na kurudisha umeme mara maelfu kwa sekunde, volti kumi na mbili za betri ya gari zikatoka sita za kuendeshea redio ya kaseti. Kifaa kilikuwa cha Mama Minza wa kijiji cha Kate. Kesho, kwenye arobaini ya mumewe, alitaka watu wamsikie marehemu Mboje kwenye kaseti pekee aliyoacha. Tatizo ni kwamba sauti ilikuwa inajivuta.

— Wanangu… mvua… ikikatika…

Kasimiri akapima tena. Sita kamili. Alifumba macho, akamwona mtu asiyemjua akitembea nyikani bila kufika.

— Weka kaseti nyingine tuone, alisema Leonidas, aitwaye Mkandarasi ingawa hajawahi kujenga hata banda la kuku.

— Siigusi. Utepe umeungwa kwa gundi, nikiutoa vibaya unakatika. Mtu mwenyewe ndiye huyo, mjane hana mwingine.

— Basi ni baridi, alisema Yonas, ambaye wote walimwita Bwana Hewa. Umeme wa hapa Ufipa unaamka saa nne.

— Baridi wapi, mshikaji, alisema Mkandarasi. Chipu imetengenezwa huko chini, baharini. Hapa juu inaishiwa pumzi.

— Mita inasema sita, alisema Kasimiri.

— Mita nayo imepanda mlima huo huo.

Bwana Hewa alipuliza kahawa yake, akaishusha sauti.

— Mimi naona chipu ni ya mtumba. Ilikuwa kwenye mashine ya kubembelezea watoto Ulaya. Inafanya kazi yake ya zamani.

— Au marehemu ameshafika mbali, alisema Mkandarasi. Neno linatembea mpaka lifike hapa. Mwongezee umeme, bwana, umsogeze.

Kasimiri alijua kuongeza ni hatari: mota ikizidiwa, utepe unaliwa. Lakini basi la Kate lilikuwa linaondoka mchana, na aliona aibu kumrudishia mjane mume aliyechoka. Akaingiza bisibisi kwenye kirekebishio cha volti.

Mama Minza akatokea kwenye ukungu, kanga mbili mabegani.

— Shikamoo mama, walisema wote.

— Marahaba. Unafanya nini hapo, fundi?

— Sauti inajivuta, mama. Naongeza kidogo ikae sawa.

— Sawa na ya nani?

Kasimiri akamtazama Mkandarasi. Mkandarasi akamtazama Bwana Hewa. Hakuna aliyewahi kumsikia Mboje akiwa hai.

Bisibisi ikatoka taratibu. Mama Minza akakaa ukingoni mwa benchi, mikono mapajani, akimsubiri mumewe amalize kuvuta pumzi.

— …ng'ombe… msiwakimbize…

— Ndiye, alisema. Siku ya kunichumbia alianza kusema asubuhi, ng'ombe wakarudi zizini hajamaliza. Nilikuwa nimekaa hivi hivi, namsikiliza.