Mkono wa Donatus Dirishani

Wasikilizaji wapendwa, kama uko kwenye usukani na mvua imeshika, washa taa kwanza. Washa. Kisha ongeza sauti, tumkumbuke Donatus Nkwabi wa Nyasubi, dereva wa Canter ya mchele.

Donatus alizaliwa Kagongwa. Alichunga ng'ombe wa baba yake, akapakia magunia, ndipo akashika usukani. Alikuwa mtu wa watu. Akikutana na gari lililowasha taa mchana, alitoa mkono dirishani, akafumba na kufumbua kiganja. Ishara hiyo mnaijua nyote: umesahau taa, zima. Dereva akizima, Donatus alicheka.

"Wabeja, ahsante! Nimemwokolea betri huyo."

Mkewe, Paskazia, alimtania. "Baba Nelly, nani kakuajiri ulinde betri za watu?"

"Bebe, wewe, nyamaza. Huo ndio ustaarabu wa barabarani."

Siku ile ya Machi walikuwa wanakwenda Geita. Binti yao Nelly alikuwa amejifungua mtoto wa kiume. Paskazia alikaa mbele, kitenge kipya cha kumbebea mjukuu kimekunjwa mapajani.

Ilikuwa mchana, wasikilizaji. Mchana kabisa. Lakini mbele yao wingu lilikuwa limelala chini, jeusi kama masizi, na Donatus akawasha taa. Alifanya sawa. Sheria inataka taa ziwake mvua, ukungu au vumbi vikizuia kuona, hata kama ni mchana.

Kwenye kijiwe cha bodaboda, kijana akafumba na kufumbua kiganja. "Mzee, taa! Unawamulika kuku?" Wenzake wakaangua kicheko. Mbele kidogo, dereva wa pikapu naye akatoa mkono.

Donatus akazima.

"Acha ziwake, Baba Nelly," Paskazia alisema. "Mvua hiyo hapo."

"Wataniona sijui gari langu. Ikianza, nitawasha."

Haikuanza kwa matone. Ilidondoka yote kwa pamoja. Kioo kikawa cheupe, barabara ikapotea, wipa zikapiga bure. Donatus alishika usukani kwa mkono mmoja, kwa mwingine akifuta ukungu kwenye kioo. Paskazia alikamata kile kitenge kama mtu anayening'inia.

"Taa! Donatus, washa taa!"

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina tangu Nelly azaliwe.

Kisha Paskazia akasikia ng'ombe. Ng'ombe wengi, wanalia, katikati ya ule weupe, mahali ambapo pangepaswa kuwa na barabara tupu. Sauti ikaja juu. Ikaja karibu. Hakuona kitu. Mkono wa Donatus uliacha kioo, ukaenda kwenye swichi, na hapo ndipo Fuso iliyopakia ng'ombe ikatokea, haina taa, inamkwepa mtu wa baiskeli, iko upande wao.

Donatus alifariki palepale. Paskazia alivunjika mkono wa kulia.

Msibani alikuja dereva wa ile Fuso, Sostenes, kichwa kimefungwa bendeji. Alipiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, nilikuwa nimewasha taa. Kule nyuma jamaa mmoja akanionyesha mkono, nikazima. Mvua ikanikuta hivyo."

Paskazia akamuuliza: "Huyo jamaa, alikuwa anacheka?"

"Ndiyo, mama. Alicheka."

Hakuwa Donatus, wasikilizaji wapendwa. Alikuwa Donatus mwingine. Magari mawili yaliwasha taa, magari mawili yakazima, na waliowazimisha walidhani wanawafanyia hisani. Hilo linanitisha kuliko mlevi yeyote barabarani.

Mama Nelly, na wewe Nelly, na mjukuu uliyepewa jina la babu asiyekuona: poleni sana. Mungu awatie nguvu.

Nasi tujiulize, mkono wetu umezima taa ngapi?

Siku hizi wingu likitanda Nyasubi, Paskazia hukaa barazani. Ngurumo ya kwanza humwingiza ndani. Lakini mvua ikishika, hutoka. Husimama kando ya lami, amelowa, na kila gari linalokuja bila taa hulionyesha kiganja, anafumba, anafumbua, mpaka dereva awashe. Plasta ya mkono wa kulia haijatolewa. Anatumia mkono wa kushoto.

Ukimwona, mwashie.