Miaka Thelathini na Minne ya Kuvusha Barua Barabara Moja: Bi Keturah Dutcher Anaiaga Posta ya Beulah Fork

Jumatano, tarehe 30 Septemba 1891, Bi Keturah Dutcher, aliyezaliwa Stebbins, atafunga dirisha la barua la Posta ya Beulah Fork, Ohio, kwa mara ya mwisho. Amelifungua tangu Aprili 1857. Wakubwa wa posta wamekuja na kuondoka kila chama kiliposhinda uchaguzi, na mimi ni wa saba kati yao. Karani alibaki yeye. Kwa hiyo nimepewa heshima ya kuandika wasifu huu, ingawa wiki yangu ya kwanza kazini, mwaka 1879, nilimuuliza kwa nini barua nyingi za mji huu hazisafiri mbali zaidi ya hatua arobaini. Alinitazama kwa huruma, akanivutia kiti.

Wageni wetu wa sherehe hii ya kumuaga wanahitaji kujua hili. Beulah Fork ilikuwa na kanisa moja la Wapresbiteri. Mwezi uleule Bi Keturah alipoajiriwa, akiwa msichana wa miaka ishirini na moja, Mzee wa kanisa Amzi Thorne alitembelewa na mkwewe kutoka Kentucky. Mkwe huyo alikuja na mwanamke mtumwa, Dorcas, wa kumlelea watoto. Jumapili ilipofika, Mchungaji Elihu Penniman alimnyima mkwe meza ya Bwana, akasema mbele ya watu wote kwamba anayemiliki binadamu hali mkate pale. Mkutano ukageuka mahakama. Walibishana kwa saa tatu, Agano la Kale na Agano Jipya, na hakuna aliyeona kwamba katika saa ya pili Dorcas aliinuka kwenye benchi la nyuma, akawakabidhi watoto kwa mama mmoja, akatoka. Alikuwa ameshakanyaga ardhi ya Ohio, isiyo na utumwa, na hakurudi. Ndiye mtu pekee aliyefaidika na mkutano ule.

Juma hilohilo Mzee Thorne aliandika barua kali: Biblia haikatazi utumwa, mchungaji aombe radhi mimbarini, la sivyo wao wanaondoka. Ilikuwa barua ya kwanza ya kanisa ambayo Bi Keturah aliipiga muhuri. Mchungaji hakuomba radhi. Nusu ya waumini wakavuka barabara, wakajenga kanisa la mbao likitazamana na lile la matofali. Waliondoka na daftari la kumbukumbu na ulimi wa kengele. Tangu siku hiyo Matofali wana kengele isiyolia, na Mbao huita watu wao ibadani kwa kugonga ulimi huo kwenye chuma cha gurudumu la gari la farasi.

Pande zote mbili zikapitisha azimio, neno kwa neno sawa ingawa hawakushauriana, kwamba hakuna muumini wa huku kusema na wa kule juu ya jambo lolote la kanisa isipokuwa kwa maandishi. Na kwa kuwa makaburi yalikuwa ya pamoja, na kisima, na uzio, karibu kila jambo mjini likawa la kanisa. Barua ilitoka Matofali, ikaja posta mwisho wa barabara, ikapigwa muhuri, ikarudi hadi Mbao. Mwaka 1860 kulikuwa na barua kumi na tisa kuhusu mbuzi mmoja aliyekula maua ya kaburini. Bi Keturah alizipeleka zote kwa uso uleule.

Hosea Tripp alikuwa Mbao na mkewe Lovina Matofali. Kwa muda wa majira mawili ya baridi, watu hawa waliokula meza moja waliandikiana kupitia dirisha letu. Bi Lovina aliandika kwamba sala ya mumewe kabla ya chakula ni ndefu na supu ya maharage inapoa. Bwana Tripp alijibu kwamba supu inayopoa ni jaribu la imani. Bi Keturah alibeba barua zote mbili hadi mlango uleule, akampa kila mtu yake, kisha akakaribishwa mkate wa mahindi. Nilipomuuliza kama hakutamani kucheka, alisema alicheka sana, lakini njiani, mahali ambapo posta haihusiki.

Sasa nije kwenye jambo lililompa jina. Februari 1863, vita vikiwa vimepamba moto, iliwasili barua kutoka hospitali ya kijeshi ya Nashville. Juu ya bahasha palikuwa na maneno machache: Kwa Kanisa, Beulah Fork, Ohio.

Mchungaji Penniman alisema kanisa ni jengo, na jengo analo yeye. Mzee Thorne alisema kanisa ni daftari la kumbukumbu, na daftari analo yeye. Kila mmoja aliweka mlinzi mlangoni kwetu ili mwenzake asipewe. Sheria ilimkataza karani kufungua barua isiyo yake, na Bi Keturah aliiheshimu sheria kuliko alivyowaheshimu watu hao wawili kwa wakati huo. Siku ya pili akamwandikia mtumaji mwenyewe, kwa jina lililokuwa nyuma ya bahasha, kumuuliza amekusudia kanisa lipi.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na moja. Mtumaji alikuwa Royal Dutcher, yatima aliyelelewa na waumini wa hapa kabla hawajagawanyika. Alikuwa amehamia Iowa mwaka 1855, huko akajiunga na jeshi. Aliandika kwamba hakujua kuna makanisa mawili na anasikitika kusikia hivyo. Amekatwa mguu. Wadi yake ina homa, na vitanda viwili jirani vimeshabadilisha watu mara tatu. Daktari yuko tayari kumwachia iwapo atatokea mtu wa kwao kumtilia sahihi. Hana ndugu, ndiyo maana aliliandikia kanisa. Hiyo ndiyo habari iliyokuwa ndani ya ile barua iliyolindwa na watu wawili wenye marungu.

Bi Keturah aliwaita Mchungaji na Mzee ndani ya posta akawasomea. Wote wawili waliguswa, na hilo nalisema kwa haki. Mzee Thorne alifuta macho. Kisha Mchungaji akauliza ni nani ataenda, Mzee akauliza atakwenda kwa jina la kanisa lipi, na mjadala ukaanza upya. Je, kutuma mtu peke yao ni kukiri kwamba wao tu ndio kanisa? Je, kutuma watu wawili ni kukiri kwamba si kanisa moja? Mchungaji alikuwa ameshafikia Waraka kwa Wakorintho wakati Bi Keturah alipochukua kofia yake ukutani na kuifunga kidevuni.

“Wazee wangu,” alisema, “mkishaamua, niandikieni. Nitakuwa Nashville.”

Alisafiri siku nne, kwa treni na kwa meli ya mtoni, akilala ameketi. Hospitalini karani wa jeshi alimuuliza ametumwa na nani. Bi Keturah alituambia kwamba alifikiri kidogo, kwa kuwa hajawahi kusema uongo kwenye karatasi ya serikali. Kisha akaandika: Kanisa la Beulah Fork. Mimi naona siku ile aliandika kweli tupu.

Alirudi na Royal Dutcher akiwa hai, mkondevu kama ufito, na kuwakuta wazee hawajaamua. Waliafikiana jambo moja tu: alitumia jina la kanisa bila idhini. Katika juma moja Matofali walimtenga, na Mbao, ambako hajawahi kuwa muumini, nao wakamtenga. Barua zote mbili zilipita dirishani kwake. Alizipiga muhuri wa tarehe, akaziweka kwenye kijumba cha barua chenye herufi S, ya Stebbins, na jioni alipomaliza kuwahudumia wengine alizunguka upande wa mbele wa dirisha, akaulizia kama kuna barua zake, akarudi nyuma ya dirisha, akajipa.

Royal Dutcher, kwa upande wake, aligombewa. Kila kanisa lilimwandika kwenye orodha yake na kumtengea benchi karibu na jiko. Yeye alisema kanisa lililomlea ni moja na hajui namna ya kuligawa. Jumapili ya kwanza aliyoweza kutoka nje alibeba kiti, akakiweka katikati ya barabara, akaketi na gongo lake la kutembelea mapajani. Madirisha yakafunguliwa. Penniman alihubiri kwa nguvu upande wa kulia, mchungaji wa Mbao kwa nguvu zaidi upande wa kushoto, na Royal akaitikia Amina kote kuwili bila ubaguzi. Jumapili ya pili kulikuwa na kiti cha pili, na aliyekikalia ni Bi Keturah, ambaye kwa kutengwa kwake hakuwa na pengine pa kuketi. Magari ya farasi yalijifunza kupita pembeni.

Walioana Juni 1866. Wachungaji wote wawili walidai haki ya kuwafungisha, na hakuna aliyekubali kuingia kwa mwenzake. Basi ndoa ilifungwa barabarani, kila mchungaji akisimama kwenye ngazi zake, kila mmoja akiuliza maswali yake kana kwamba yule mwingine ni upepo. Maharusi walisema “ndiyo” mara mbili kila mmoja. Karani wa wilaya alipokea vyeti viwili, akaandika kuuliza kama ni ndoa mbili, na barua hiyo bila shaka ilijibiwa na Bi Keturah mwenyewe.

Vita vilikuwa vimekwisha wakati huo, na utumwa nao. Ungedhani ugomvi wa barabara ile ungekwisha pia. Lakini watu wakishazoea kugombana, sababu ikifa huiokota nyingine. Mwaka 1876 Mbao walichapisha kijitabu cha historia yao kikidai kwamba chanzo cha mgawanyiko kilikuwa ugomvi juu ya mahali pa kuweka jiko la kuni. Kijitabu kilisomwa sana. Vijana wa pande zote mbili walikiamini, na hata leo wapo wanaojiita watu wa jiko la mashariki.

Mwaka uleule Mzee Thorne alikuja dirishani wakati hakuna mtu. Aliuliza kwa sauti ya chini kama ipo njia ya posta kuirudisha ile barua yake ya 1857 kutoka kwa Penniman.

“Mzee, posta hupeleka barua mbele tu,” Bi Keturah alimjibu. “Kuirudisha ni kazi ya aliyeiandika.”

Mzee Thorne alikasirika. Kwa miaka mitatu alituma barua zake kupitia mji wa jirani.

Kazi nyingine za Bi Keturah nizitaje kwa ufupi, maana atanilaumu nikiziacha. Alipanga upya vijumba vyote mwaka 1872. Aliwafundisha watu kumi na wanane kusoma, wakiwemo wawili waliokuwa wazee wa kanisa kwa miaka mingi na walikuwa wakishika vitabu vya nyimbo kwa makadirio. Wakati wa mafuriko ya 1884 alivusha mfuko wa barua kwa mtumbwi, na mumewe akipiga kasia, huku akilalamika kwamba makasia yangesogea vizuri zaidi kama mtu angempa mahali pa kuegemeza mguu alionao.

Julai mwaka huu aliniambia anataka kupumzika. Royal ana kifua kibaya na wanataka kuhamia kwa mpwa wa Bi Keturah aliyeko Iowa, ambako kuna hewa kavu. Habari ilienea, na nilitarajia machozi. Sikutarajia nilichokiona tarehe 14 Agosti.

Tulikuwa wawili dirishani, asubuhi, joto limeanza. Mzee Thorne, mwenye miaka themanini na mitatu sasa, alitoka mlango wa Mbao akiwa na karatasi mkononi. Alisimama ukingoni mwa barabara kwa muda mrefu. Nilidhani anasubiri gari lipite, lakini hapakuwa na gari. Kisha akavuka. Penniman, ambaye sikio lake la kushoto halisikii tena, alikuwa ameketi kwenye ngazi za Matofali akimenya tufaha. Thorne alimpa karatasi. Penniman alivaa miwani akasoma, na kwa kuwa wasiosikia husoma kwa sauti, mtaa mzima ulisikia: “Haikuwa jiko. Nilikosea mwaka 1857. Yule mwanamke alikuwa na haki ya kuondoka, na mimi ndiye niliyepaswa kusema hivyo.”

Penniman alisogea kwenye ngazi. Thorne akaketi. Wakala tufaha.

Nilitaka kusema neno. Bi Keturah alinizuia kwa kidole, macho yake yakiwa huko nje. Ilikuwa barua ya kwanza kuvuka barabara ile bila yeye.

Makanisa hayajaungana, tusidanganyane. Sasa wanabishana kwa mdomo, na kelele ni nyingi kuliko zamani. Lakini Jumatatu iliyopita ujumbe wa watu sita, watatu wa huku na watatu wa kule, walikuja posta na ombi la maandishi: Bi Keturah asistaafu. Walisema bila yeye mji utaharibika. Chini yake palikuwa na majina mia moja na sitini na mawili, Matofali na Mbao wamechanganyika, wengine wameandika juu ya wengine kwa kukosa nafasi. Jina la kwanza ni Penniman na la pili ni Thorne.

Bi Keturah alilisoma lote, jina kwa jina, wao wakiwa wamesimama na kofia mikononi. Alichukua muda wake. Kisha akalikunja mara mbili, akalitia kifuani.

“Nimekaa hapa miaka yote hii nikingoja kuyaona majina haya kwenye karatasi moja,” alisema. “Sasa nimeyaona. Naweza kwenda nyumbani.”

Bi Keturah, sisi wa posta tunakushukuru kwa kila hatua uliyopiga kwenye barabara ile. Nenda salama na Royal wako, Iowa iwapokee kwa hewa njema na majirani wanaosemezana. Na ukitukumbuka, tuandikie.

Lyman Goss
Mkuu wa Posta, Beulah Fork