Mama Fungua-Tuone na Barua Sita

Marehemu mama yetu, ambaye nusu ya mliopo hapa mnamjua kwa jina la Mama Fungua-Tuone, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili kati ya watano wa fundi cherehani na mkunga. Akiwa na miaka tisa aliifungua cherehani ya baba yake ikabaki vyuma mezani. Mzee hakumchapa. Alisema tu, "Haya mwanangu, irudishe kama ulivyoikuta." Jioni ikashona tena, na maringo yake yakaanzia hapo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, kisha sekondari, na mwaka 1978 akahitimu chuo cha ufundi, msichana pekee katika darasa la umeme. Alifundisha chuoni hapo hapo miaka ishirini na minane. Mwaka 1983 aliolewa na fundi saa, mtu mpole ambaye hakuwahi kushinda ubishi nyumbani wala kulalamika.

Tangu 1996 alikuwa jaji wa Tuzo ya Taifa ya Vijana Wenye Vipaji na Ubunifu. Maneno matamu hayakumbabaisha. Kijana akileta mashine, alimwambia, "Hebu fungua tuone," kisha akamtaka aiunge tena mbele yake. Waliotengenezewa na wajomba wahandisi walitokwa jasho. Watoto wa karakana za uani, wasiojua hata kujieleza, waling'ara, na wengi wao leo wameajiri wenzao. Tunajivunia sana kazi hiyo.

Lakini hili alitaka lisemwe. Mwaka 2019 msichana wa miaka kumi na saba alileta mashine ya kutotolea vifaranga. Aliifungua vizuri, ila alipoiunga feni ikagoma: skrubu moja haikuonekana. Akaondolewa. Wiki mbili baada ya sherehe ya tuzo, mama alifungua kasha la miwani yake ya akiba akaikuta skrubu ile. Aliiweka humo mwenyewe, eti isipotee.

Alikwenda nyumbani kwa binti huyo siku ile ile. "Mwanangu, kosa ni langu, si lako," alimwambia. Binti akalia, na mama naye akalia. Akajiuzulu ujaji, akaiandikia kamati ya tuzo impe binti haki yake. Ikajibu kwamba matokeo yakishatangazwa hayaguswi. Akaandika tena, kila mwaka.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2022. Barua ya sita, ya tarehe 28 Oktoba 2024, aliitamka kitandani hospitalini, baba akaiandika. Alifariki Jumatano, tarehe 6 Novemba, saa nne asubuhi. Asubuhi hiyo aliuliza, "Wamejibu?" Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba bado.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na wadogo zake wawili. Binti yule, sasa fundi umeme, ameketi na wafiwa. Mwenyekiti wa kamati pia yuko nasi, na tunamshukuru kwa kufika. Mama apumzike kwa amani. Jibu la barua yake tutalipokea sisi.