Nukta Nyekundu Ndani ya Moyo wa Kifaranga

Jioni hiyo Mayai alifika kwenye benchi la Mama Kahawa, nje ya duka la kinyozi, akiwa amechangamka kuliko kawaida. Walimwita hivyo kwa sababu kazi yake chuoni ni kutoboa maganda ya mayai na kutazama kifaranga kinavyojiumba. Wenzake wawili wa maabara walishahamia kwenye utafiti wa panya, wakamwachia kiangulio na ukimya. Mkewe alishatangulia mbele ya haki. Habari njema aliyokuwa nayo hakuwa na pa kuipeleka ila pale.

— Imekubali! alisema hata kabla hajakaa.

— Nini, posa? akauliza Kinyozi.

— Rangi! Miezi saba natia rangi kwenye chembe hai za kifaranga nijue zinakwenda kuwa nini, inasambaa kama wino kwenye karatasi iliyolowa. Sasa kuna mama mmoja, yuko chuo cha mbali, yeye ni mtafiti wa vyura. Nikamwandikia. Akanijibu: changanya na maji ya sukari. Juzi nikajaribu. Leo nachungulia, moyo unadunda, na nukta yangu nyekundu imo ndani!

— Ngoja kwanza, alisema Spea, muuza vipuri vya baiskeli. Dawa ya chura umempa kuku?

— Si dawa, ni mbinu. Mwanzoni kabisa viumbe hawa wanafanana mno.

— Basi kuku wako watarukaruka, Kinyozi akatoa hukumu. Tutawakamata kwa wavu.

— Wewe unaona karibu, Spea akadakia. Kesho chura ataatamia. Keshokutwa binadamu tutataga! Mke anakwenda kazini, mume anabaki kulalia yai.

— Na mmechelewa wapi? alisema Mama Kahawa akimimina. Mimi nimebeba mimba tano, hakuna aliyeniletea habari hizo.

Benchi zima likaangua kicheko. Mayai naye akacheka. Lakini alitamani mtu mmoja tu amuulize nukta ile ilikuwa upande gani wa moyo.

Nesi mmoja, mgeni pale, alikuwa amesimama akisubiri kikombe chake.

— Samahani, baba. Huyo mama wa vyura, yeye anachungulia na nani?

Mayai hakuwahi kujiuliza hilo. Alikuwa amemwandikia yule mama mara nne, na zote nne zilikuwa za kuomba msaada. Hakujua kama ana wenzake, ana watoto, au naye amebaki peke yake na taa ya hadubini.

Akatoa simu. Akaandika, “Dada, nina swali,” kama alivyozoea.

Akafuta.

“Dada,” akaandika upya, “umeshindaje?”