Delbert Yarbrough Hapotei

"Delbert Yarbrough hapotei. Nifungeni kitambaa machoni, mkanitupe Oklahoma, nitafika nyumbani kabla viazi havijapoa." Maneno hayo marehemu aliyasema kanisani, Fort Worth, Jumapili ya kumuaga, Juni 1944, mbele ya waumini wote na mkewe Oleta, aliyekuwa mjamzito. Waumini walipiga makofi. Viazi vilipoa.

Marehemu alizaliwa Fort Worth tarehe 2 Mei 1921, akasoma hapo hapo na kumaliza sekondari mwaka 1939. Kwenye jiografia walimu walimsifu. Kwenye mengine walimwombea.

Baada ya shule aliajiriwa kituo cha mafuta. Enzi hizo mwenye gari akijaza tangi alipewa ramani ya Texas bure. Marehemu hakuridhika kutoa ramani tu. Alitoka nje na kumchorea mteja njia kwa kidole kwenye vumbi la boneti, mteja atake asitake. Ndivyo alivyompata Oleta: alimwelekeza kwa shangazi yake kwa njia ndefu kuliko zote, kisha akajitolea kumsindikiza asije akapotea. Walifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1943. Jeshini nako waliona anavyosoma ramani, wakampa kazi ya kumwonyesha rubani njia katika ndege ya mabomu yenye watu kumi.

Katika wasifu, hapa ndipo hukaa aya ya ugonjwa. Marehemu hakuugua. Tarehe 7 Novemba 1944 ndege yao iliondoka Italia kwenda kupiga stesheni ya reli huko Austria, na haikurudi. Telegramu iliyomfikia Oleta ilisema amepotea. Haikusema amekufa. Binti yao, Bibi Glory, alizaliwa tarehe 19 Januari 1945, akalikuta neno hilo limeshatangulia kukaa nyumbani.

Lilimfuata mpaka Moshi, alikokwenda kufundisha mwaka 1968. Siku mchumba wake, Elirehema, alipompeleka kwao, mama wa Elirehema aliuliza, "Baba yako yuko wapi, mwanangu?"

"Amepotea."

"Amepotea, au amekimbia?"

"Amepotea vitani, mama."

Mama mkwe akaiweka chini kata ya mbege, pombe ya ndizi. "Na kaburi lake?"

"Hana."

"Basi mtu asiye na kaburi hajafa, mwanangu. Amechelewa tu."

Alisema hivyo kumfariji. Bibi Glory hakufarijika hata chembe. Kila Krismasi ukoo ulipokusanyika na wenzake kwenda kusafisha makaburi ya baba zao, yeye alibaki uani na fagio mkononi, hana pa kufagia. Elirehema alipofariki, alifagia la mumewe. La baba yake bado.

Mwaka 2003 alirudi Texas na mwanawe Majaliwa, dereva wa malori, wakahamia DeSoto. Mwaka 2016 wakata miti waliyakuta mabaki ya ile ndege mlimani huko Austria. Mwaka uliofuata ofisi ya jeshi inayohusika ikachukua mate ya Bibi Glory ili kulinganisha na mifupa iliyokutwa humo, kisha ikanyamaza. Alipiga simu. Akaambiwa avute subira. Akapiga tena, kijana mwingine akamwambia avute subira.

"Subira gani nyingine, mjukuu wangu?" alimuuliza. "Nimeanza kuivuta nikiwa tumboni."

Jibu lilikuja Agosti mwaka huu: ni yeye. Ungedhani mambo yameisha. Jumanne ya wiki hii Bibi Glory alisimama uwanja wa ndege wa Dallas na gauni lake jeupe, akimngoja baba yake, akaja mhudumu kumweleza kwamba jeneza limeshushwa Houston kwa makosa.

"Mmempoteza tena?"

"Hajapotea, mama. Yuko Houston."

"Kila aliyepotea yuko mahali, kijana!"

Hakukubali kungoja ndege ya kesho. Majaliwa alimwendesha mwendo wa saa nne hadi Houston, wakageuza wakilifuata gari la maiti. Dereva wa gari hilo, Mungu amsamehe, akakosa njia ya kutokea mjini mara mbili. Mara ya pili Bibi Glory akaamuru wote wasimame kituo cha mafuta, akaingia ndani kuulizia ramani ya karatasi.

"Mama, simu zinaonyesha njia," Majaliwa akasema.

"Hata baba yangu alikuwa na vyombo vya kuonyesha njia."

Akaikunjua juu ya boneti, akamchorea dereva kwa kidole, kutoka pale waliposimama mpaka Haltom City, kando ya Fort Worth. Safari hii walifika.

Leo, Jumamosi tarehe 12 Oktoba 2019, marehemu anazikwa hapa Haltom City kando ya Oleta, aliyefariki mwaka 1991 bila kukubali kuolewa tena, na kuacha nusu ya jiwe la kaburi tupu. Ameacha binti mmoja, Glory. Wajukuu wawili, Majaliwa na Angel. Na kitukuu mmoja, Isack. Tunaombwa tusimsaidie Bibi Glory fagio lake. Atafagia mwenyewe.

Pumzika, Delbert, mahali tunapopajua.

Ramani itawekwa juu ya jeneza. Pale kituoni kwake ilikuwa bure. Hii ya Jumanne ni dola saba na senti tisini na tano.