Sikio la Mama Bushra

Tarehe 30 Juni, Bi Widad Ghobrial, ambaye sote tunamwita Mama Bushra kwa jina la mwanawe wa kwanza, anastaafu rasmi katika chama chetu cha wachambuaji taka hapa Mukattam, Cairo, baada ya kuketi mbele ya lundo kwa miaka arobaini na mmoja.

Alianza akiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa, uani kwa mama mkwe wake, enzi ambazo taka za mitaa ya Zamalek na Shubra zilipanda huku mlimani kwa mikokoteni ya punda, na nguruwe walikuwa nyuma ya nyumba wakila makombo. Plastiki ilikuwa kidogo. Ilipoanza kumiminika, yeye ndiye aliyejifunza kuitambua kwa sauti. Alikiminya kipande karibu na sikio: cha chupa ya maji kililia kwa ukali, cha chupa ya shampuu kiliguna, na kile kinachong'aa vilevile ila ni cha plastiki ya kutengenezea mabomba kilitoa mlio mfupi, mkavu. Hicho cha tatu ndicho adui. Kikipenya kwenye gunia la chupa za maji, mzigo mzima unaungulia kwenye tanuri la mnunuzi.

Wasichana wapatao sitini wamepitia mikononi mwake, nami nikiwa mmoja wao. Ukikosea hagombi, anakusogezea kipande sikioni na kukuuliza, "Haya, binti, huyu analia au anakohoa?" Tabia hiyo aliibeba kila mahali. Kwenye harusi ya mpwa wake aliiminya bilauri ya plastiki mpaka ikapasuka, juisi ikalowesha gauni la mama wa bwana harusi. "Nisamehe, mama," akasema, "lakini mmeuziwa bilauri nzuri."

Nazikumbuka sana asubuhi zile: chai nzito, yeye akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, mikono ikirusha vipande kulia na kushoto bila kuangalia. Kisha tukanunua mashine ya kusaga plastiki, tukashangilia, tukaifunga hatua tatu kutoka alipoketi. Ngurumo ile aliivumilia miaka kumi na minane. Mwaka jana, baada ya Pasaka, nikamwona akiminya kipande mara mbili, mara tatu, kisha akakitupa pasipo pake.

Kila alipoinuka, nilitia mkono guniani mwake nikatoa vilivyokosewa. Nilifanya hivyo miezi minane. Nilihofia ataondolewa, na sikuweza kuliwazia lundo bila yeye.

Januari nilikwenda kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yangu, siku moja tu, na gunia lake la siku hiyo likaondoka lilivyo. Mnunuzi akaurudisha mzigo, mweusi kama lami. Mkutano ukaitishwa, wakubwa wakamtaka mkosaji, na macho yote yakawaendea wasichana wapya. Mama Bushra akasimama. "Waacheni watoto wa watu. Gunia ni langu. Masikio yamekufa. Mwezi wa sita naondoka."

Nilimfuata nje nikilia, nikamweleza kila kitu kwa sauti kubwa, upande wa kushoto ambao bado unasikia kidogo. Akanifuta machozi kwa ncha ya mtandio wake. "We mjinga, ulidhani sioni mkono wako guniani? Jioni mashine ikizimwa nilikuwa nalirudia gunia kwa sikio hili la kushoto, nikingoja siku ambayo hutaacha hata kipande kimoja kibaya. Tangu Novemba hujaacha, nami nikaacha kulirudia. Sasa nilee nini tena hapa?"

Mama Bushra, chama kinakushukuru kwa mikono yako, kwa nyimbo zako, na kwa kusimama siku ile. Kuanzia Julai mosi nitaketi mimi mahali pako. Mashine tumeihamishia nyuma ya ukuta. Kwako tumechelewa, na tunakuomba radhi. Mungu akupe siku ndefu zenye utulivu, mama. Wasichana wako wataendelea kusikia.

Ferial Lamei, mchambuaji